Sheria ya kukataza taarifa katika mashindano ya uvuvi wa besi: inamlinda nani hasa?

#1 Mshipi Mrefu (mwanzisha uzi)

Salaam, wakuu.

Ninaandika kutoka kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani, ambako nimeishi miaka kumi na mmoja, na kwa miaka sita ya mwisho nimekuwa mwanachama wa klabu ndogo ya wavuvi wa besi. Kwa wasiomfahamu, besi wa mdomo mpana ni samaki wa maji baridi mwenye mgongo wa kijani na mstari mweusi ubavuni. Mashindano ya kumvua ni mepesi kueleza: mnatoka na boti alfajiri, mnavua kwa chambo cha bandia pekee, kila mmoja anahifadhi samaki wake watano wazito zaidi katika tangi la maji lililomo botini, na alasiri mnawafikisha kwenye mizani wakiwa hai kabla ya kuwarudisha ziwani. Mwenye jumla kubwa ya uzito ndiye mshindi.

Ninachotaka tukijadili ni kanuni moja ambayo klabu nyingi huku zinayo kwa namna zake, na ambayo mashirika makubwa yameiandika kwa ukali zaidi. Kuanzia muda fulani kabla ya mashindano, mshiriki haruhusiwi kuomba wala kupokea, kutoka kwa mtu asiyeshiriki, taarifa ya mahali samaki walipo au namna ya kuwavua, isipokuwa taarifa iliyo wazi kwa umma. Nimeitii kanuni hiyo tangu siku niliyojiunga. Mwezi wa nne mwaka huu iliniumiza, na tangu hapo sijaacha kuitafakari.

Mashindano yalikuwa Ziwa Guntersville, ambalo ni bwawa la Mto Tennessee lililokamilika mwaka 1939, lenye ukubwa wa takriban eka 69,000. Katika maji mapana kiasi hicho samaki hawakosekani. Kinachokosekana ni muda wa kuwatafuta, ndiyo maana taarifa ina thamani kuliko fimbo au mashine ya boti. Klabu yetu hufunga mlango wa taarifa Jumatatu kwa mashindano ya Jumamosi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, nikiwa peke yangu, niligundua kwamba kando ya daraja moja, pale palipopangwa mawe ya kuzuia mmomonyoko, samaki wadogo waitwao shad walikuwa wameanza kukusanyika alfajiri ili kutaga, na besi walikuwa wanawafuata mpaka kwenye maji ya futi mbili. Niliweka alama ya mahali hapo katika jipiesi (GPS) yangu, nikanyamaza.

Alhamisi jioni nilisimama kwenye kituo cha mafuta karibu na gati. Mzee mmoja, nisiyemjua hata kwa sura, aliitazama boti yangu juu ya tela akaniuliza kama ninavua Jumamosi. Kabla sijafungua kinywa alikwisha kuweka kidole chenye grisi kwenye vumbi la ubavu wa boti, akachora lile daraja, akaweka nukta upande wa kaskazini, akasema kwamba samaki hukaa hapo mpaka jua linapogusa maji, na baada ya hapo hushuka kwenye pembe ya mawe iliyozama hatua thelathini kutoka nguzo ya pili. Daraja nilikuwa ninalijua. Hiyo pembe iliyozama sikuwa ninaijua.

Usiku uleule nilimpigia simu msimamizi wa mashindano nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kwa ajili ya jina langu na la klabu, nisivue kabisa kwenye daraja lile. Nilitii. Jumamosi mshindi alileta pauni 21 na wakia 3, karibu zote kutoka pale pale, nami nikawa wa tisa kwa pauni 12. Mshindi hakuvunja kanuni yoyote. Shemeji yake huongoza wavuvi kwa malipo katika ziwa hilo, na alimpa alama zake zote Jumapili, siku moja kabla ya mlango kufungwa. Alilisema mwenyewe mbele ya mizani, na alikuwa na haki ya kulisema.

Sasa ninauliza, wakuu: kanuni inayompitisha aliyepewa kila kitu Jumapili, ikamzuia aliyegundua kwa jasho lake eti kwa sababu mtu asiyemjua alisema naye Alhamisi, inalinda haki ipi? Sitafuti kuonewa huruma. Mwezi ujao klabu inapitia kanuni zake upya, nami nimeombwa kuandika pendekezo.

#2 Kanuni Kwanza

Pole kwa yaliyokukuta, mkuu, lakini nitaitetea kanuni, kwa sababu nadhani tusipokumbuka ilitoka wapi tutaibomoa kwa sababu ya jeraha la siku moja.

Uvuvi huu wa mashindano kwa sura tunayoijua ulianza na Ray Scott, wakala wa bima kutoka Montgomery, hukohuko Alabama. Mwaka 1967 aliwakusanya wavuvi 106 katika Ziwa Beaver, jimboni Arkansas, kwa kiingilio cha dola 100 kila mmoja, na mwaka uliofuata akaanzisha shirika la wavuvi wa besi liitwalo B.A.S.S. Wakati ule mashindano ya uvuvi yalikuwa na sifa mbaya ya udanganyifu, na Scott alielewa kwamba mchezo usioonekana na mtazamaji, unaochezwa na mtu aliye peke yake katikati ya maji, hauwezi kuaminiwa bila kanuni kali. Alikuwa akiwapanga wavuvi wawili wawili wasiofahamiana katika boti moja, ili kila mmoja awe jicho la mwenzake.

Kisha tazama alivyoandaa fainali yake ya kwanza, Bassmaster Classic ya mwaka 1971. Wavuvi 24 walipandishwa ndege mjini Atlanta bila kujua wanakwenda kuvua wapi, na ndege ikiwa hewani ndipo walipoambiwa kwamba ni Ziwa Mead, kule Nevada. Boti zilikuwa za aina moja kwa wote, na vifaa vya kuvulia havikuruhusiwa kuzidi pauni 10 kwa mtu. Bobby Murray alishinda, akachukua dola 10,000. Sijaona katika mchezo wowote namna safi zaidi ya kusawazisha taarifa: hakuna aliyekuwa nayo.

Leo bingwa wa Classic anachukua dola 300,000. Ukiondoa kanuni ya taarifa, mwenye fedha ataajiri waongozaji watatu wa ziwa husika, watavua kwa niaba yake mwezi mzima, kisha yeye atakuja kutembelea alama walizomwekea. Mashindano yatakuwa ya mifuko. Kwa hiyo kosa ulilofanyiwa wewe ni la tarehe ya kufunga mlango. Ifungeni mapema, tangu ratiba inapotangazwa, na yule shemeji hatakuwa na nafasi.

#3 Mshipi Mrefu

Nakushukuru kwa historia hiyo, na kwa suala la fedha sina ubishi. Mimi ninafanya kazi ya zamu kiwandani. Katika mashindano ya mifuko ningekuwa wa kwanza kuachwa gatini.

Lakini naomba uangalie tofauti iliyopo kati ya ndege ya Scott na kanuni tuliyo nayo. Ndani ya ndege ile taarifa haikuwapo, hivyo hapakuwa na cha kukataza. Siku hizi ziwa linatangazwa miezi mingi kabla, taarifa imejaa kila mahali, kisha tunamwambia mshiriki azibe masikio. Hayo ni mambo mawili yasiyofanana. La kwanza linatekelezwa na mwandaaji, na halimtegemei mshiriki kwa lolote. La pili linamtegemea mshiriki kwa kila kitu, na kadiri alivyo mwaminifu ndivyo linavyomgharimu.

Kisha kuna tundu ambalo kufunga mlango mapema hakulizibi. Katika kanuni za B.A.S.S., na katika za klabu yetu ambazo zimenakiliwa kutoka huko, washiriki wenyewe wanaruhusiwa kupeana taarifa. Wavuvi wa kulipwa husafiri pamoja, hupanga nyumba moja, na usiku wa mwisho wa mazoezi huketi mezani wakilinganisha alama zao. Katika Elite, mfululizo wa juu wa mashindano ya B.A.S.S., wamo ndugu wa kuzaliwa, Chris na Cory Johnston kutoka Kanada, na hakuna mwenye akili timamu atakayewataka ndugu wawili wasizungumze. Wala siwalaumu hao wala wengine, kwa kuwa kanuni inawaruhusu. Ninachosema ni kwamba wanne wanaogawana ziwa wakati wa mazoezi, kila mmoja robo yake, wanaingia mashindanoni na siku kumi na mbili za mazoezi badala ya tatu. Asiye na rafiki ana tatu. Nami ni mgeni katika nchi hii, wakuu. Najua kukosa meza ya kukaa ni kitu gani.

#4 Binti wa Naivasha

Nimesoma kwa makini, kwa sababu samaki mnayemzungumzia tunaye hapa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, na mpaka leo anapatikana, ingawa kwetu anaishia sokoni na si kwenye mizani ya zawadi.

Swali langu ni la mtu aliye nje ya mchezo. Mnakataza taarifa inayotoka mdomoni kwa mtu mwingine, lakini aliyezaliwa kando ya ziwa hilo, ambaye marehemu babu yake alimpeleka kuvua penye lile daraja akiwa na umri wa miaka saba, mnamfanyaje? Yeye naye alipewa taarifa, ila alipewa mapema mno kiasi kwamba mnaiita ujuzi. Kaka yangu huingia ziwani gizani akaegesha kwenye mafunjo yaleyale aliyoonyeshwa na baba, na ukimwuliza amejuaje kwamba maji yamepanda, hawezi kukueleza; anajua kwa jinsi mafunjo yanavyogusa ubavu wa mtumbwi. Je, huo si upendeleo mkubwa kuliko maneno ya mzee wa kituo cha mafuta?

#5 Nahodha wa Jioni

Dada wa Naivasha amegusa jambo. Mimi ni mtu wa Pemba, nimevua mishipi miaka thelathini. Mwamba mzuri kwetu hukaririwa kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, mnazi uliopinda uwe sawa na pembe ya kilima, na upande wa pili mnara uwe sawa na mkoko mkubwa. Penye makutano ya mistari hiyo miwili ndipo unapotia nanga. Baba alinionyesha mimi, hakumwonyesha jirani. Lakini hakuna anayeweza kuificha boti iliyotia nanga mchana kweupe. Jirani akikuona umekaa hapo siku tatu mfululizo, siku ya nne atakuja.

Je, huko kwenu mtu akimwona mwenzake akivua mahali wakati wa mazoezi, ni taarifa iliyokatazwa?

#6 Mshipi Mrefu

Dada, ujuzi wa aliyekulia ziwani siuhesabu kuwa dhuluma, na nitakueleza sababu yake. Ziwa halikai lilivyo. Guntersville ina nyasi za majini zinazoota na kufa, kiasi kwamba ghuba iliyokuwa na samaki mwaka jana huenda mwaka huu ikawa tupu, na wavuvi wenyeji mara nyingi hupoteza kwa sababu wanakwenda palipokuwa na samaki badala ya palipo na samaki leo. Anayelijua ziwa kwa miaka ishirini bado analazimika kuutafsiri ujuzi huo kwa hali ya asubuhi ileile, na kutafsiri huko ndiko uvuvi. Alama aliyopewa mtu jana na mwongozaji haihitaji kutafsiriwa. Unabonyeza, boti inakupeleka. Naona hapo ndipo mpaka ulipo, na ninakiri kwamba ni vigumu kuuandika katika kanuni.

Nahodha, kuona kwa macho yako mwenyewe kunaruhusiwa. Isitoshe, siku hizi macho yameongezeka. Mashindano makubwa yanaonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti, kamera ikiwa ndani ya boti ya anayeongoza, na nyuma yake hufuata boti za mashabiki. Mshiriki haruhusiwi kutafuta taarifa za wenzake kwa njia hiyo wakati wa mashindano, lakini mke wake nyumbani anatazama, mdhamini wake anatazama, na kila mwenye simu anatazama.

#7 Ushahidi Uko Wapi

Naomba niingie kwenye suala la utekelezaji, kwa kuwa naona mnalipita.

Watu wengi duniani waliujua udanganyifu wa mashindano ya uvuvi kutokana na tukio la tarehe 30 Septemba 2022 mjini Cleveland, katika mashindano ya Ziwa Erie ya samaki aitwaye walleye, ambapo msimamizi alishuku uzito, akapasua samaki mbele ya umati, akakuta vipande vya madini ya risasi pamoja na minofu ya samaki wengine iliyosokomezwa matumboni. Wahusika wawili walikiri makosa mwaka uliofuata na kufungwa siku 10. Yule msimamizi alihitaji kisu tu. Katika kosa la taarifa hakuna tumbo la kupasua. Mtu ameambiwa neno, neno limeingia kichwani, na mizani haitaonyesha chochote.

Kwa hiyo mashirika haya hutegemea mashine ya kugundua uongo. Ukijisajili umekwisha kukubali kwamba unaweza kupimwa, na matokeo yake yanaweza kukunyang'anya ushindi. Sasa fikirini: hukohuko Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inawazuia waajiri wengi binafsi kuwapima wafanyakazi wao kwa mashine hiyo, na mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti lilitoa ripoti iliyotilia shaka sana msingi wake wa kisayansi. Kipimo ambacho mwajiri haruhusiwi kukitumia kumwajiri karani wa duka kinatumika kuamua nani apewe boti ya thamani ya makumi ya maelfu ya dola. Tena mashine yenyewe husoma mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Mwanzisha uzi, laiti ungeshinda siku ile ukaulizwa, "Je, ulipokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote baada ya Jumatatu?" moyo wako ungepiga vipi?

#8 Mshipi Mrefu

Ungepiga kwa nguvu, ndugu, na ningejibu ndiyo, na ningenyang'anywa. Wala sisemi ni makosa, kwa kuwa kanuni ndivyo ilivyoandikwa. Lakini umeonyesha vizuri kwamba kanuni hii humkamata anayejisema mwenyewe. Katika miaka yangu sita ya klabu, watu watatu wameadhibiwa kwa kosa la taarifa, na wote watatu walijiripoti.

#9 Mtazamaji wa Mizani

Kuna upande ambao bado haujatajwa. Mnazungumza kana kwamba njia pekee ya kusawazisha taarifa ni kuizuia, ilhali kuna shirika lililoamua kinyume chake.

Major League Fishing, lililoanzishwa na wavuvi Boyd Duckett na Gary Klein, lilipozindua Bass Pro Tour, mfululizo wake wa wavuvi wa kulipwa, mwaka 2019, kila boti ilikuwa na mwamuzi anayepima samaki papo hapo na kumrudisha majini, na matokeo yote yalitumwa kwenye mfumo wa alama ambao wavuvi wenyewe husomewa wakiwa bado wanavua. Anajua kwamba aliye juu yake amevua samaki wa pauni nne dakika mbili zilizopita. Hajui wapi, lakini anajua kwamba samaki wameanza kula, na hilo peke yake ni taarifa nzito. Na kila mmoja anaipata kwa wakati uleule. Kwenye mizani ya kizamani mambo hayo hujulikana mwisho wa siku, kwa hiyo aliyefanikiwa kunong'onezwa mchana ana faida kubwa. Ukimsomea kila mtu, mnong'ono unapoteza bei.

Shirika hilohilo, katika mashindano yake ya awali ya Cup, liliwaficha wavuvi ziwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe, jambo linalofanana na ndege ya Ray Scott. Kufunika kabisa na kufunua kabisa vinaweza kukaa katika nyumba moja, mradi tu kila hatua iwahusu wote.

Na kabla hatujasahau, hata mitambo ni taarifa. Tangu kampuni ya Garmin ilipotoa LiveScope mwaka 2018, sona ya kutazama mbele, yaani chombo cha kuona chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, mvuvi anamwona samaki mmoja mmoja kwenye kioo akiikaribia chambo. Kwa msimu wa 2025 Bass Pro Tour waliamua itumike katika kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku, na B.A.S.S. wakaweka kikomo cha ukubwa wa vioo na idadi ya vihisio vyake. Sioni kwa nini kioo kiwekewe kikomo kinachopimika kwa inchi, halafu ulimi ubaki na katazo lisilopimika.

#10 Kanuni Kwanza

Hoja ya #9 ina nguvu kuliko nilivyotarajia. Lakini kwa klabu ya watu arobaini, wasio na waamuzi wala mfumo wa alama, itafanyika vipi? Mkuu Mshipi, hebu tuwekee pendekezo tulione.

#11 Mshipi Mrefu

Mchango wa #9 ndio umenisaidia kukiona nilichokuwa nikikitafuta. Nimekaa nao siku mbili, na nimeandika hivi.

Kwanza, mlango ufungwe tangu ratiba inapotangazwa, kama alivyoshauri Kanuni Kwanza, kwa jambo moja tu, yaani taarifa ya kununua au ya kupewa na mtu anayeongoza wavuvi kwa malipo katika maji hayo. Hilo linaweza kutambulika, kwa sababu waongozaji wanajulikana, wana leseni na wana vitabu vya wateja. Shemeji mwongozaji ataendelea kuwa shemeji, ila mshiriki atajaza karatasi ya kumtaja wakati wa kujisajili, na atakuwa amejifunga kwa saini yake.

Pili, na hapa ndipo moyo wa pendekezo ulipo, taarifa ambayo mshiriki hakuiomba isimfungie mahali. Badala yake aiandike: nani alisema, lini, wapi, nini. Aipeleke kwa msimamizi kabla ya saa mbili usiku wa kuamkia mashindano, na msimamizi awatumie washiriki wote kwa ujumbe mmoja. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwezi wa nne, watu thelathini na wanane wangejua habari za pembe ya mawe iliyozama kaskazini mwa nguzo ya pili. Ningekuwa nimepoteza siri yangu ya daraja, ndiyo, lakini ningevua pale nilipopagundua, sambamba na yeyote aliyetaka kuja.

Tatu, taarifa zilizo wazi zikusanywe mahali pamoja. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, inayoendesha bwawa hili, hutangaza kina cha maji na kiasi cha maji yatakayofunguliwa bwawani kwa saa zijazo. Wavuvi wazoefu wa mto huu wanajua kwamba mkondo unapoanza kutembea, besi wa kwenye kingo za mkondo wa kale wa mto hugeuka kuelekea maji yanakotoka na kuanza kula. Mgeni hajui hata kwamba ratiba hiyo ipo. Mimi nilivua miaka miwili bila kuijua, nikidhani wenzangu wana bahati saa nne asubuhi. Msimamizi akiituma kwa wote, hakuna kinachoibwa kwa mtu yeyote.

Suala la washiriki kupeana taarifa wao kwa wao nimeliacha. Nililiandika mara tatu nikalifuta mara tatu. Siwezi kuandika kanuni inayokataza watu kuwa marafiki, na sitaki kuishi katika klabu yenye kanuni kama hiyo.

#12 Kanuni Kwanza

Nina pingamizi moja zito kwenye kipengele cha pili. Mtu atamwomba binamu yake amnong'oneze uongo, kisha atauandika kwa uaminifu wa bandia, nao utatumwa kwa wote. Watu ishirini watakimbilia ghuba tupu alfajiri, naye atakuwa na daraja peke yake. Utakuwa umetengeneza chombo cha kupotosha chenye muhuri wa msimamizi.

#13 Nahodha wa Jioni

Hilo kwetu lipo tangu zamani. Ukiulizwa pwani umevua wapi, unaweza kutaja mwamba mwingine. Lakini aliyetajwa kwa jina lake kuwa ndiye msemaji, akajulikana kuwa alidanganya, hasikilizwi tena. Andikeni jina.

#14 Mshipi Mrefu

Pingamizi la #12 ni la kweli, na jibu la Nahodha nimelichukua kama lilivyo. Kila taarifa itatumwa pamoja na jina la mshiriki aliyeipokea na maelezo ya mahali ilipopokelewa, na mwandikaji mwenyewe atalazimika kuvua mahali hapo palipotajwa kwa saa nzima ya kwanza ya mashindano, au akae mbali napo siku nzima. Achague moja, na uchaguzi wake utumwe katika ujumbe uleule. Anayesambaza ghuba tupu ataanza siku ndani ya ghuba tupu, au atatangaza mbele ya wote kwamba hapataki mahali alipopasifia, nao watamwelewa.

Nimempelekea msimamizi jana usiku. Amenijibu kwamba kipengele cha ratiba ya maji kitapita bila kura. Kuhusu kipengele cha pili ameniuliza kama niko tayari niwe wa kwanza kukisimamia, nipokee hizo simu za saa mbili usiku na kuandika hizo jumbe, jambo ambalo litanizuia kushindana mashindano mawili ya kwanza ya msimu. Nimemwambia niko tayari. Kura ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, na nitarudi hapa kuwaeleza ilivyokwenda.